Ukiitwa Kwenye Jopo Kuu la Mahakama Marekani: Wajumbe Wanavyochujwa na Jinsi ya Kujibu Kila Hatua

Bahasha imefika sandukuni ikiwa na jina la mahakama ya shirikisho. Ndani kuna karatasi yenye jina lako, namba ya mshiriki, na maelezo kwamba umechaguliwa kwa bahati nasibu kwa ajili ya jopo kuu, lile tunalolizoea kwa jina la grandi juri. Wengi wetu tuliochukua uraia wa Marekani, tuwe tumetoka Kigoma, Bukavu, Mombasa au Bujumbura, swali la kwanza linalotujia ni: nimekosa nini? Hujakosa chochote. Mahakama haikutafuti kama mtuhumiwa. Inakuita ukae na raia wenzako muamue kama mtu fulani ashtakiwe au asishtakiwe.

Mwongozo huu unafuata mchujo wenyewe, kuanzia orodha ya majina hadi kiapo. Katika kila hatua kuna watu wanaodondoka, na wengi katika jamii zetu wanaweza kudondoka ilhali wanafaa kabisa: barua haikujibiwa, anwani ilikuwa ya zamani, au mtu ameandika kwamba hajui Kiingereza ilhali anafanya kazi kwa Kiingereza kutwa nzima. Jambo hili linaniuma. Jopo linaloamua nani apelekwe mahakamani linatakiwa lifanane na watu wa mahali lilipo, na haliwezi kufanana nao sisi tukijitoa wenyewe.

Jua kwanza jopo hili linafanya nini

Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanasema mtu hawezi kushtakiwa kwa kosa zito la shirikisho mpaka jopo kuu litoe hati ya mashtaka, ingawa katika makosa mengi yeye mwenyewe anaweza kukubali kuiacha haki hiyo. Jopo kuu la shirikisho lina wajumbe 16 hadi 23. Wanakaa faragha na kusikiliza ushahidi unaoletwa na mwendesha mashtaka. Jaji hayumo chumbani, wala wakili wa mtuhumiwa. Swali lao ni moja: je, kuna sababu ya kutosha kuamini kwamba kosa limetendeka na kwamba huyu ndiye aliyelitenda? Wajumbe 12 wakikubali, hati inatoka.

Kumtia mtu hatiani si kazi yao. Hiyo ni kazi ya jopo la kesi, ambalo hukaa mbele ya jaji na mawakili wa pande zote mbili. Waliokulia Tanzania au Kenya watakumbuka wazee wa baraza waliokaa na jaji kwenye kesi za mauaji. Wale walitoa maoni, na jaji hakulazimika kuyafuata. Kura ya jopo kuu ina nguvu zaidi ya hapo: wajumbe 12 wasipopatikana, hati haitoki.

Soma vizuri jina la mahakama juu ya karatasi, kwa sababu majimbo yana taratibu zao. Texas jopo kuu lina watu 12 na hati huhitaji kura 9. Ohio lina watu 9 na kura 7 zinatosha. California kila kaunti ina jopo la mwaka mmoja linalokagua pia utendaji wa serikali ya kaunti, na katika kaunti nyingi watu huomba wenyewe kuingia. Connecticut haitumii jopo kuu kutoa hati za mashtaka, na Pennsylvania hulitumia kwa nadra tu, pale mashahidi wanapotishwa. Yanayofuata hapa ni ya mahakama za shirikisho, ingawa mengi yanafanana na ya majimbo.

Hatua ya 1: Fahamu jina lako lilikotoka

Hakuna mtu aliyekaa ofisini akakuchagua. Sheria ya mwaka 1968 kuhusu uteuzi wa wajumbe inazitaka mahakama zichukue majina kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura au orodha ya waliopiga kura, na wilaya nyingi za mahakama huongeza orodha ya wenye leseni za udereva. Sheria hiyohiyo inakataza kumwengua mtu kwa rangi, dini, jinsia, nchi ya asili au hali ya uchumi.

Haikuwa hivyo siku zote. Mahali pengi kulikuwa na utaratibu wa waheshimiwa wachache kuteua watu wanaowafahamu. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka Kaunti ya Hidalgo, Texas, ambako Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa asilimia 79 ya wakazi, lakini kwa miaka 11 walikuwa asilimia 39 tu ya walioitwa kwenye jopo kuu. Mahakama ilisema takwimu hizo zinatosha kuonyesha ubaguzi, na kwamba serikali ndiyo yenye mzigo wa kueleza pengo hilo lilitoka wapi. Texas yenyewe iliuacha utaratibu wa makamishna kuchagua majina mwaka 2015 tu. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Ilifuta hukumu ya mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji huko California mwaka 1962, kwa sababu watu weusi walikuwa wamewekwa nje ya jopo kuu lililomshtaki. Hata kesi yenyewe kuendeshwa kwa haki baadaye hakukuponya dosari hiyo. Mchujo ninaoueleza hapa una uzito wa namna hiyo.

Kwako wewe, kazi ya hatua hii ni ndogo: ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye daftari la wapiga kura na kwenye leseni. Samansi iliyokwenda kwenye nyumba uliyohama miaka miwili iliyopita haitakufikia.

Hatua ya 2: Jaza fomu ya sifa, na ujaze kweli tupu

Hapa ndipo mchujo mkubwa unapofanyika, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Fomu ya maswali hufika kabla ya samansi au pamoja nayo. Sheria inakupa siku 10 kuirudisha. Unaweza kuijaza kwa kalamu, na mahakama nyingi hukuruhusu kuijaza kwenye tovuti yao kwa namba ya mshiriki. Majibu yako ni ya kiapo. Anayedanganya makusudi ili akwepe au ili aingie anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000, kufungwa hadi siku 3, au kupewa kazi za kijamii.

Swali la uraia. Mjumbe lazima awe raia wa Marekani. Kwa kuwa majina mengine hutoka kwenye leseni za udereva, watu wenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, nao hupata barua hizi. Kama ni wewe, jibu ni “hapana”, urudishe fomu, basi. Usitie alama ya “ndiyo” kwa kuogopa kuonekana unakataa wito wa serikali. Kudai uraia usio nao ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela hadi miaka 3, na kwa upande wa uhamiaji linaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukuondoa nchini. Aliyefaulu usaili wa uraia lakini hajaapishwa bado si raia. Na kama jina lako liliwahi kuingia kwenye daftari la wapiga kura kabla hujawa raia, muone wakili wa uhamiaji ndani ya zile siku 10, kabla hujarudisha fomu.

Umri na makazi. Uwe na miaka 18, na uwe umeishi mwaka 1 ndani ya wilaya ya mahakama. Wilaya hiyo si mji wala kaunti. Jimbo la Maine lote ni wilaya moja, kwa hiyo aliyehama kutoka Portland kwenda Lewiston hajatoka wilayani. Ohio ina wilaya mbili: aliyetoka Cleveland kuja Columbus miezi sita iliyopita ametoka wilaya ya kaskazini na kuingia ya kusini, na hajatimiza mwaka. Aandike tarehe halisi ya kuhama na kuwaachia wenyewe wahesabu.

Kiingereza. Hili ndilo swali linalowatoa watu wetu bila sababu. Sheria inataka uweze kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kwa kiwango cha kuijaza fomu hiyo ipasavyo, na uweze kukizungumza. Haisemi kitu kuhusu lafudhi. Haisemi lazima ujue msamiati wa kisheria. Muuguzi msaidizi anayeandika ripoti ya zamu kila asubuhi, dereva wa lori anayesoma mikataba ya mizigo, mama anayebishana na kampuni ya bima kwa simu mpaka anarudishiwa fedha zake: hawa wote Kiingereza wanacho. Kama kweli hukielewi, sema hivyo kwa uwazi, kwa sababu mahakama za shirikisho haziweki mkalimani wa lugha kwa mjumbe. New Mexico ni ya kipekee: katiba ya jimbo hilo inamlinda mjumbe asiyejua Kiingereza, na mahakama zake za jimbo humpa mkalimani.

Mtoto kumjazia mzazi. Katika nyumba nyingi za wahamiaji, mtoto wa sekondari ndiye karani wa familia. Sheria inaruhusu mtu mwingine kukujazia fomu kama wewe huwezi, ila lazima aandike kwamba yeye ndiye aliyejaza na aeleze kwa nini. Kijana asiige sahihi ya baba. Baba akiwa hawezi kujaza kwa sababu ya lugha, maelezo hayo ya kijana ndiyo jibu la swali la Kiingereza.

Makosa ya jinai. Fomu inauliza kama una shtaka linalosubiri, au umewahi kutiwa hatiani, kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1. Angalia adhabu ambayo kosa lingeweza kubeba. Mtu anaweza kuwa alipewa muda wa uangalizi tu, bila kulala jela hata usiku mmoja, na bado kosa lake likawa la aina hiyo. Kama haki zako za kiraia zilirudishwa baadaye, andika na uambatishe karatasi inayothibitisha. Tiketi ya mwendo kasi haimo katika hesabu hii.

Afya na kazi. Ugonjwa au ulemavu unaokuzuia kuhudumu kweli unakuondoa, na kwa kawaida wataomba barua ya daktari. Wanajeshi walio kazini, polisi na zimamoto walioajiriwa, na viongozi wa umma wanaofanya kazi hiyo muda wote hawahudumu hata wakitaka. Wilaya nyingi pia huwaruhusu wenye zaidi ya miaka 70 kuomba kuachwa, lakini lazima waombe wenyewe.

Rangi na asili. Wengine huruka swali hili kwa kuhofia kwamba litatumika dhidi yao. Lijibu. Lipo ili mahakama iweze kupima kama orodha yake inawawakilisha wakazi wa wilaya, na jibu lako haliathiri uteuzi wako. Takwimu za namna hii ndizo zilizoibua kesi ya Hidalgo.

Hatua ya 3: Samansi imefika, panga maisha yako

Sasa una tarehe. Kutokufika bila sababu kuna adhabu ileile: hadi dola 1,000, hadi siku 3 jela, au kazi za kijamii.

Jopo kuu si jambo la siku mbili. Muda wake wa kawaida hufika miezi 18, na mahakama inaweza kuongeza hadi miezi 6. Hutakwenda kila siku: wilaya nyingine hukaa mara moja kwa wiki, nyingine siku chache kwa mwezi. Pigia ofisi ya karani wa mahakama, kitengo cha wajumbe, uulize ratiba ya jopo hili. Ukishaijua ndipo utajua kama kweli una shida au ulitishwa na ile “miezi 18” tu.

Kama una shida, kuna maombi ya aina mbili na usiyachanganye. La kuahirishiwa linasema: niko tayari, lakini si sasa. Hilo ni jepesi kukubaliwa. La kusamehewa linasema: kuhudumu kutaniletea taabu kubwa mno. Hilo linahitaji ushahidi. Barua inayosema “nina shughuli nyingi” haina uzito. Barua inayosema kwamba wewe peke yako unamuuguza mama yako mwenye kiharusi, kwamba anahitaji kugeuzwa na kulishwa kila saa chache, na kwamba huna ndugu wala huduma ya kulipia, ikiwa na maelezo ya daktari wake, hiyo inasomwa. Dereva mwenye lori lake mwenyewe aonyeshe marejesho ya mkopo na safari alizokwisha kusaini, tena kwa tarakimu. Andika mapema. Kama hukujibiwa kwa maandishi, siku ikifika nenda.

Kuhusu kazi: mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukutisha wala kukubana kwa sababu ya huduma hii, na akifanya hivyo anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa kwa kila mfanyakazi. Mpe nakala ya samansi siku unayoipata, ubaki na ushahidi kwamba umempa. Ila sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi akulipe mshahara kwa siku hizo, kwa hiyo uliza sera ya kampuni na sheria ya jimbo lako. Mahakama yenyewe hulipa dola 50 kwa siku, na baada ya siku 45 inaweza kukufikisha dola 60, pamoja na nauli. Ni fedha kidogo kwa mtu mwenye zamu mbili, na kwa maoni yangu hapa ndipo mfumo unapowaumiza wanyonge zaidi. Lakini bajeti iliyopangwa mapema inahimili kuliko iliyoshtukizwa.

Jihadhari na matapeli. Hupiga simu wakijifanya maofisa wa mahakama, wanasema hukuitika wito na hati ya kukukamata imetoka, kisha wanataka ulipe faini papo hapo kwa kadi za zawadi. Mahakama haitozi faini kwa simu, wala haikuombi namba ya Social Security au ya benki kwa njia hiyo. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya karani kwenye tovuti ya mahakama, uulize.

Hatua ya 4: Siku ya uteuzi, mbele ya jaji

Fika mapema na kitambulisho. Mtapita kwenye mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege. Mahakama nyingi zina masharti makali kuhusu simu, soma samansi kabla hujaondoka nyumbani.

Wale waliowahi kuona filamu za mahakama hutegemea mawakili wawili wakiwahoji wajumbe na kuwatoa wasiowataka. Kwenye jopo kuu la shirikisho hilo halipo. Mara nyingi mshtakiwa bado hajulikani, kwa hiyo hakuna wakili wake wa kuuliza, na mwendesha mashtaka hana nafasi ya kumtoa mtu bila kutaja sababu. Jaji ndiye anayeuliza. Anaeleza kazi, muda na ratiba, halafu anataka kujua: nani ana shida ambayo hakuiandika? Nani ana ndugu anayefanya kazi polisi, ofisi ya mwendesha mashtaka au magereza? Nani, au nani wa familia yake, amewahi kushtakiwa au kuwa mhanga wa uhalifu? Je, kuna jambo lolote litakalokuzuia kupima ushahidi bila kupendelea serikali wala mtuhumiwa?

Swali hili la mwisho linawagusa watu wetu kwa kina. Mtu aliyekimbia Kivu ana kumbukumbu za watu wenye sare. Mwingine alikamatwa na polisi wa trafiki hapahapa Marekani bila kosa. Kuwa na historia hiyo hakukuondoi. Anachotaka jaji ni kujua kama unaweza kuiweka pembeni ukasikiliza. Ukiweza, sema: “Ndiyo, hilo lilinitokea, na nitaamua kwa ushahidi nitakaousikia.” Usipoweza, sema usivyoweza. Kama jambo ni la aibu au la maumivu, omba kuzungumza na jaji karibu na meza yake, mbali na masikio ya wengine. Ni ombi la kawaida, halimshangazi mtu.

Wapo pia wanaosema imani yao hairuhusu kumhukumu binadamu. Kumbuka jopo kuu halimhukumu mtu. Kama hata baada ya kulijua hilo dhamiri yako inakataa, mwambie jaji kwa maneno yako mwenyewe, kwa heshima, bila kuongeza chumvi.

Na usijibu kama jirani yako alivyojibu kwa kuwa ulimwona ameruhusiwa kwenda nyumbani. Jaji anakupima wewe na hali yako.

Hatua ya 5: Kiapo na yale yanayofuata

Baada ya maswali jaji anachagua wajumbe, na anaweza kuweka wa akiba. Anateua pia mwenyekiti na naibu wake. Mwenyekiti huapisha mashahidi, husaini hati na kutunza kumbukumbu ya kura. Ukiteuliwa, usikatae kwa unyonge wa lafudhi. Kisha mnakula kiapo.

Mchujo hauishii hapo. Katika miezi ijayo linaweza kuletwa jina la mtu unayemjua: mwenzako kazini, muumini wa kanisa lenu au msikiti wenu, mume wa rafiki yako. Kwenye jamii ndogo kama ya Waswahili wa mji mmoja hilo halina ajabu. Mwambie mwenyekiti mara moja kwamba una uhusiano na mtu huyo, ujitoe kwenye shauri hilo tu, wenzako waendelee. Utarudi kwenye shauri linalofuata. Vikao havifanyiki chini ya wajumbe 16, kwa hiyo toa taarifa mapema siku utakayokosa.

Unayoyasikia ndani ni siri ya kisheria, na kuivujisha kunaweza kukutia hatiani kwa kuidharau mahakama. Mkeo au mumeo akikuuliza mlikuwa na kesi ya nani, jibu ni kwamba huruhusiwi kusema. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiandike chochote, hata jina likishatokea kwenye habari.

Kama hukuchaguliwa, omba karatasi ya mahudhurio umpe mwajiri. Kama umehudumu, itunze barua ya uthibitisho pamoja na cheti chako cha uraia: ndani ya miaka 2 huwezi kulazimishwa kuhudumu kwenye jopo kuu la pili la shirikisho, wala kuhudumu kwenye jopo kuu na tena kwenye jopo la kesi. Samansi nyingine ikija ndani ya muda huo, rudisha fomu ukiwa umeambatisha nakala ya barua hiyo.